Mlinzi wa Mdomo wa Shimo

Kazi ya Risper ilikuwa ya aina ambayo watu wa machimbo ya Osiri walichelewa kuielewa. Hakuchimba dhahabu, hakuiosha wala hakuinunua. Wote walimwita mwalimu, ingawa hakufundisha katika shule yoyote. Alitunga masomo. Shirika moja dogo lenye ofisi mjini Migori lilimwajiri atengeneze mafunzo ya kuwaeleza wachimbaji jinsi mambo yanavyotokea shimoni: namna ukuta unavyolegea kabla haujaporomoka, namna kamba inavyooza kwa ndani huku nje inang'aa, namna moshi wa pampu unavyoweza kumuua mtu bila yeye kuunusa. Sheria za usalama zilikuwepo tele, zimebandikwa kwenye vibanda vya mabati hadi zikafifia kwa jua. Kilichokosekana ni mtu wa kueleza sababu.

"Mtu ukimwambia usifanye, atasubiri ugeuke ndio afanye," mkuu wake, Helen, alipenda kusema. "Lakini akielewa kitu kinavyofanya kazi, hata ukigeuka hafanyi."

Risper aliyaamini maneno hayo. Alikuwa mzaliwa wa Rusinga, amesomea ualimu wa shule za msingi na kusubiri ajira ya serikali mpaka akachoka kusubiri. Zablon, mchimbaji wa Osiri, alimwoa akamleta kwenye boma la mama yake, Eucabeth, mjane Msabato asiyecheka ovyo. Walikuwa na binti mmoja, Achieng, aliyekuwa darasa la pili. Zablon alikuwa mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi. Kama jirani amekwama na mkokoteni, angeshuka kwenye pikipiki ya watu kwenda kusukuma, na abiria wenzake wamlaani.

Somo la gesi lilimtesa Risper kuliko masomo yote. Mvua ikinyesha, mashimo hujaa maji, na pampu ya petroli haina nguvu ya kuyavuta kutoka mbali sana chini. Kwa hiyo wachimbaji huishusha pampu mpaka kwenye jukwaa la mbao lililo ndani ya shimo, wakaiwasha, wakapanda juu kusubiri. Moshi wake hubaki mle mle. Sehemu ya moshi inayoua haina rangi wala harufu, na tena haizimi mshumaa. Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Wachimbaji walikuwa na desturi ya kuteremsha mshumaa unaowaka: ukizimika, chini hakuna hewa, usipozimika, shuka. Desturi hiyo ilikuwa imewaokoa wengi na hatari nyingine. Kwa moshi wa pampu iliwadanganya kabisa. Mshumaa unawaka, na mtu anakufa kando yake.

Jioni moja walipokuwa wameketi nje alimsomea Zablon rasimu ya kwanza. Zablon alisinzia kabla hawajafika kwenye mapafu.

"Umelala?"

"Nimekufuata vizuri mpaka kwa yule hemo… hemo nani?"

"Himoglobini."

"Huyo simjui. Niambie anafanya kazi gani."

"Yuko ndani ya damu. Anachukua hewa kifuani, anaipeleka kichwani, mikononi, kila mahali."

"Basi huyo ni bodaboda," Zablon akasema, usingizi umemtoka. "Anabeba hewa kutoka stendi. Na hii gesi yako?"

"Inapanda kabla ya hewa. Inaisukuma hewa pembeni, inapanda. Na ikishapanda, haitaki kushuka."

"Kwa hiyo stendi imejaa hewa, lakini hakuna pikipiki ya kuibeba. Zote zimekaliwa na huyo abiria."

"Ndiyo."

"Sasa mama Achieng, si uandike hivyo?"

Akaandika hivyo. Katika mafunzo ya kwanza, pale kwenye kibanda cha mkutano karibu na mashine za kusaga mawe, wachimbaji ambao kwa kawaida hutoka nje kuvuta sigara walibaki wameketi. Walikuwa Wajaluo, Wakuria, Wakisii na wengine kutoka upande wa Tanzania, na Kiswahili cha kila mmoja kilikuwa na ladha ya kwao. Lakini bodaboda kila mtu aliijua. Mzee mmoja alisema kwamba sasa amejua kilichomuua ndugu yake, akainama.

Ilibaki sehemu moja iliyomkosesha Risper amani. Katika kusoma habari za ajali za mashimo alikuwa ameona jambo lilelile likijirudia: wa kwanza huanguka, wa pili humfuata kumtoa, wa tatu humfuata wa pili. Mara nyingi gesi ilikuwa imeua mmoja tu. Waliosalia waliuawa na huruma. Mwisho wa somo aliandika sentensi moja: mwenzako akianguka, usimfuate. Helen aliisoma akatikisa kichwa.

"Hii ni sentensi. Nani atasimama atii sentensi wakati rafiki yake amelala chini?"

Kwa hiyo Risper akatunga zoezi. Alichora duara vumbini, likawa shimo. Mmoja alilala ndani ya duara kama aliyeanguka, akaita jina la rafiki yake. Wengine waligawiwa kazi: wa kuita msaada, wa kukimbilia feni ya kupuliza hewa, wa kuteremsha kamba. Na mmoja aliitwa mlinzi wa mdomo. Kazi yake ilikuwa kusimama ukingoni na mikono ameitandaza, asimruhusu mtu yeyote kupita, hata wamsukume, hata wamtukane, mpaka hewa safi iingie.

Mlinzi aliyeifanya kazi hiyo vizuri kuliko wote aliitwa Maranga, Mkisii mrefu, mpole, aliyefanya kazi shimo moja na Zablon. Siku ya zoezi Zablon ndiye aliyelala ndani ya duara. Alilia kama mbuzi, akawaita wakwe zake wa Rusinga mmoja mmoja kwa majina, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Walimsukuma Maranga, wakamtekenya, mmoja akamrukia mgongoni. Maranga hakusogea.

"Huyo mumtazame," Risper aliwaambia. "Siku ile ikifika, mtu kama huyo ndiye atakayewarudisha nyumbani."

Siku ile ilifika wakati wa mvua za masika.

Risper alikuwa ofisini Migori, akichora picha za somo la kuta, simu ilipolia. Mtu aliyepiga hakujieleza. Alisema tu, "Mwalimu, njoo Osiri," na nyuma yake Risper akasikia watu wengi na mwanamke mmoja akipiga ukemi. Alipofika, walikuwa wamemlaza Zablon kwenye turubai, uso umefunikwa kwa shati la mtu. Alilifunua shati. Midomo yake ilikuwa na wekundu wa afya, kama mtu aliyetoka kucheza mpira. Risper alijua wekundu ule unatokana na nini. Alikuwa ameuandika kwenye somo, kwamba aliyekufa kwa gesi hii huenda asionekane kama maiti, na kwamba wengi wamedanganyika kwa hilo. Pamoja na kujua, alimpiga makofi shavuni na kumwita, na ilibidi wanawake wawili wamwondoe.

Habari yenyewe aliipata vipande vipande. Pampu ilikuwa imefanya kazi jukwaani asubuhi nzima, kisha ikakohoa ikazima. Feni ya hewa ilikuwa imeazimwa shimo la jirani. Mmoja wao, Job, alisema anashuka mara moja tu kutazama kama petroli imeisha. Hakujifunga kamba. Alifika kwenye jukwaa, akaketi kama mtu anayepumzika, kisha akalala ubavu.

Zablon aliinama mdomoni akamwita. Kutoka chini kikasikika kikohozi.

"Anakohoa," Zablon alisema. "Bado yuko."

Alikuwa tayari anaizungusha kamba ya winchi mkononi. Maranga alimshika bega. "Zablon, somo."

"Somo nalijua. Si nililitunga na mimi?" Alivuta pumzi ndefu, akafumba mdomo, akashuka.

Alimfunga Job chini ya makwapa, fundo zuri, lisiloteleza. Aliitikisa kamba. Walizungusha winchi, na Job akatokea juu, povu mdomoni, lakini anapumua. Watu walipiga kelele za furaha. Kisha kamba ikateremshwa tena kwa ajili ya Zablon, na kamba haikutikiswa.

Kaka yake Job alikuwa hapo. Alipoona ndugu yake amepona na aliyemponya amebaki chini, alivua shati, akakimbilia mdomoni huku analia. Nyuma yake kulikuwa na wengine. Maranga akasimama ukingoni akatandaza mikono. Walimpiga. Mmoja alimuuma mkono. Alisimama pale mpaka feni ikaletwa na hewa ikapulizwa, na mtu aliyefungwa kamba akashuka kumleta Zablon. Ilikuwa imechukua muda mrefu kupita kiasi.

Kwenye mazishi mchungaji alihubiri juu ya mtu anayetoa uhai wake kwa ajili ya rafiki, na kwaya ikaimba, na Job akaletwa akishikiliwa pande mbili, mikono inamtetemeka, akamwaga udongo wa kwanza. Watu walimtazama Job wakalia. Walimtazama Maranga, aliyesimama peke yake kando ya ua wa mkonge, wakageuza nyuso.

Eucabeth hakulia mbele za watu. Alingoja wageni wapungue, akamwita mke wa mwanawe ndani ya nyumba.

"Nyar Rusinga," alisema, maana ndivyo alivyomwita tangu alipoolewa, binti wa Rusinga. "Yule aliyewazuia wenzake wasimtoe mtoto wangu. Wanasema alifundishwa afanye vile."

"Ndiyo, Mama."

"Alifundishwa na nani?"

Risper alianza kukusanya vikombe vya wageni.

"Nataka nisikie wewe ukisema."

"Na mimi, Mama."

Eucabeth aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza bei na kuambiwa, akaenda kuwasha moto.

Siku chache baadaye Maranga alikuja. Hakuingia ndani. Alisimama uani, kofia mkononi, alama za meno bado zikionekana kwenye mkono wake. Alikuwa amekonda.

"Mwalimu, nimekuja kuuliza kitu kimoja. Nilifanya vizuri au nilifanya vibaya?"

Jibu lilikuwa ndani ya mwongozo wa mkufunzi, ukurasa wake Risper aliujua kwa moyo. Mlinzi wa mdomo asifiwe mbele ya kikundi. Aambiwe waziwazi kwamba ameokoa maisha. Alikuwa ameandika hivyo mwenyewe, akijua kwamba mtu wa namna hiyo atahitaji kuambiwa. Alimtazama Maranga, akaiona mikono ile mirefu imetandazwa, na mumewe chini yake.

"Nenda nyumbani, Maranga," alisema.

Maranga alingoja kidogo, labda kuna neno lingine. Kisha akavaa kofia akaondoka. Baada ya juma hilo hakuonekana tena Osiri. Walisema amepata kibarua kwa mtu mwenye shamba huko Magunga.

Risper alipewa likizo. Alipika, akafua, akamsindikiza Achieng shuleni. Mtoto alipouliza kama baba alikuwa shujaa, alimjibu ndiyo. Kila mtu alikuwa akisema hivyo. Kwenye vibanda vya chai, kwenye mashine za kusaga, hadithi ya Zablon ilikuwa imeota miguu: Zablon aliyebana pumzi, Zablon aliyeshuka akamtoa mwenzake, na kama si mwoga mmoja, naye angetoka. Hadithi tamu. Risper mwenyewe wakati mwingine, akiwa peke yake kisimani, alijisimulia vilevile, akaongeza mwisho mwingine.

Kisha ikatokea ajali kwenye shimo jingine, ng'ambo ya barabara. Pampu ileile ya petroli, jukwaa lilelile la mbao. Mtu mmoja akaanguka. Rafiki yake, ambaye alikuwa amehudhuria mafunzo na kucheka pamoja na wengine siku ya duara, alivuta pumzi ndefu ukingoni. Waliokuwepo walimsikia akisema, "Zablon alishuka akamtoa Job." Hakuna aliyejitandaza mbele yake, kwa kuwa nani alitaka kuwa Maranga? Wote wawili waliletwa juu jioni, wamekufa.

Helen alikuja nyumbani siku ya tatu, akaketi na Risper chini ya paa la jiko, akakataa chai.

"Somo linahitaji kubadilishwa," alisema. "Unajua kitu gani kinakosekana."

"Zablon."

"Siwezi kukuagiza uliandike. Nitaliandika mimi, bila jina, nitasema tu mchimbaji wa pili."

"Wakisikia mchimbaji wa pili watajua ni nani. Na hukuwepo, madam. Hata mimi sikuwepo." Alisogeza kuni motoni. "Niachie niende kwa aliyekuwepo."

Alifika Magunga siku ya soko. Kumtafuta Mkisii mrefu hakukuwa kazi, akaelekezwa kwenye shamba la mahindi lililopakana na malisho, na mbele yake vilima vya Ruma vikiwa vimefunikwa na mawingu. Maranga alikuwa akirekebisha ua uliobomolewa na ng'ombe. Alipomwona alisimama wima, nyundo mkononi, akamngoja afike karibu.

"Mwalimu. Umekuja kuniuliza ama kuniambia?"

"Vyote viwili." Njiani alikuwa amepanga aseme lipi kwanza, lakini mpango ukamtoka. "Kamba ilipoteremshwa mara ya pili. Wanasema haikutikiswa. Wanasema alikuwa ameshakufa."

Maranga alitazama nyundo.

"Wewe ndiye uliyekuwa mdomoni," Risper akasema. "Sitaki unihurumie. Nataka unijibu."

"Ilivutwa," Maranga alisema.

Ng'ombe alilia mahali fulani nyuma ya mahindi.

"Mara moja. Hawa wengine walikuwa wanapiga kelele juu ya Job, hawakuwa wanaangalia. Mimi niliiona kamba. Ilivutwa, kama mtoto anavyovuta nguo ya mama yake. Niliwaambia zungusheni, wakazungusha, ikaja tupu. Alikuwa ameishika tu, hakuwa na nguvu ya kufunga. Halafu kaka yake Job akaja, na mimi nikasimama." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayetoa ripoti. "Kwa hivyo nilijua, mwalimu. Wakati nasimama nilijua yuko hai. Sijamwambia mtu."

Risper aliketi chini, pale pale kwenye majani yenye umande, na kitenge chake kizuri. Miezi yote hiyo alikuwa ameshikilia neno moja, nalo ni papo hapo: alikufa papo hapo. Daktari alikuwa amelisema, mchungaji alilirudia, na usiku alilitumia kama shuka la kujifunika. Sasa limeondolewa. Mumewe alikuwa gizani, na kamba mkononi, na akili yake ikiwa imebaki kiasi cha kujua kamba ni kitu gani, na juu yake kulikuwa na mtu aliyefundishwa vizuri.

Alilia kwa muda mrefu. Maranga alichuchumaa mbali kidogo, akasubiri, naye akifuta uso kwa mkono wa shati.

"Kama ningepisha," alisema baadaye, "yule kaka angeshuka. Na yule aliyekuwa nyuma yake. Nimewahesabu kichwani kila siku. Bado sijui."

"Wangekufa," Risper alisema. "Labda Zablon angetoka na wao wangebaki. Labda wote wangebaki. Nimelitunga lile somo, Maranga, na najua lilivyo." Alivuta pumzi. "Ulifanya nilivyokufundisha. Ulifanya vizuri. Nilipaswa kukuambia ile siku uliyokuja nyumbani, na sikuweza."

Maranga alitikisa kichwa polepole. Risper alitarajia kwamba neno hilo likishatoka litamfungua, kama vile mwongozo ulivyosema. Halikumfungua. Alisema asante, mwalimu, kwa adabu, akamletea maji kwenye kikombe cha bati. Alipoulizwa kama atarudi Osiri, alijibu kwamba hawezi kukaa mahali penye shimo, hata la choo likichimbwa huondoka.

Risper aliporudi aliliandika somo upya. Ilimchukua siku nyingi, na karatasi nyingi alizichana. Aliweza kueleza gesi inavyopanda damuni. Aliweza kueleza kwa nini aliyeshuka akiwa amebana pumzi bado hufa: kufunga fundo ni kazi, kazi hula pumzi, na mtu akishindwa kuvumilia huvuta mara moja tu kwa nguvu zote, akavuta gesi ile ile aliyoikimbia. Hayo yote yalikuwa mepesi. Kigumu kilikuwa mstari mmoja, ambao mwishowe aliuandika hivi: Wakati mlinzi wa mdomo anawazuia wengine, aliye chini anaweza kuwa bado hai, na mlinzi anaweza kulijua hilo. Hata hivyo, asipishe.

Helen aliusoma akauliza kama anataka kweli ubaki. Risper alisema bila huo hakuna somo.

Mafunzo yalifanyika tena kwenye kibanda kilekile. Kilijaa mpaka nje. Job alikuwa ameketi mbele, mikono ameibana magotini isitetemeke. Na Risper alipokuwa anatundika karatasi kubwa ukutani, akamwona Eucabeth akiingia, kitambaa chake cheupe cha Sabato kichwani, akiwa mwanamke pekee kati ya wachimbaji. Mtu alimpisha benchi. Risper hakuwa amemwalika. Alifikiri kuahirisha, akaona haiwezekani, akaanza.

Alianza na bodaboda, kama zamani. Aliposema bodaboda ilibidi anywe maji. Alipofika kwa mchimbaji wa pili hakumficha.

"Mchimbaji wa pili alikuwa mume wangu," alisema. "Alilijua somo hili kuliko nyinyi wote. Alimsikia mwenzake akikohoa, akashuka. Hakupaswa kushuka."

Aliwaeleza juu ya pumzi na fundo. Aliwaeleza juu ya kamba iliyovutwa mara moja. Hakumtazama Eucabeth aliposema hayo. Aliwaambia kwamba mtu wanayemwita mwoga aliiona kamba ile na bado akasimama, na kwamba kwa sababu yake kuna watu wameketi humu ndani leo. Kaka yake Job aliinamisha kichwa.

Job aliinua mkono. "Shemeji," alisema, akasahau kwamba darasani anaitwa mwalimu. "Mimi niko hapa kwa sababu alishuka. Sasa mimi nisemeje?"

Hilo halikuwa ndani ya mwongozo. Risper aliiweka kalamu chini.

"Nafurahi uko hai, Job," alisema mwishowe. "Nasema kweli. Na Zablon hakupaswa kushuka. Yote mawili ni kweli, na sijui kuyaunganisha. Nikijua nitakuja nikwambie."

Kisha akachora duara vumbini, kwa kuwa zoezi lilipaswa kufanywa. Safari hii hakuna aliyecheka. Walimsukuma mlinzi wa mdomo kwa nguvu za kweli, naye akasimama huku machozi yanamtoka.

Jioni Risper na mama mkwe wake walirudi nyumbani kwa miguu, kwa njia ya juu inayopita kwenye mihogo. Eucabeth alikuwa na fimbo, wakaenda polepole. Walipita kisima, wakapita kanisa. Risper alijiandaa. Chochote atakachoambiwa, alikuwa amekubali kukipokea.

"Nyar Rusinga."

"Naam, Mama."

"Nimesikiliza yote. Ile gesi nimeielewa. Pikipiki nimezielewa." Alisimama apumue, fimbo ameishika kwa mikono yote miwili. "Mimi ningeshuka."

"Najua, Mama."

"Ungenifundisha mwaka mzima, ningeshuka tu."

"Hata mimi," Risper alisema. "Hata mimi ningeshuka."

Eucabeth aliushika mkono wa mke wa mwanawe juu ya kiwiko, kama anavyoshikwa mtu wa kuegemewa, wakaendelea na njia.